Shifti ya Usiku ya Mwalimu Bosire

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya chai, Mellen na mumewe walikutana mlangoni. Mke anatoka, mume anaingia. Mellen amejifunga eproni ya plastiki, kikapu mgongoni. Bosire anatoka kiwandani, macho mekundu, nguo zinanuka majani yaliyokesha yakinyaushwa. Mellen alimkabidhi ufunguo, naye Bosire akamkabidhi chupa ya chai iliyokwisha.

"Umeamkaje, Mama Mokaya?"

"Salama. Ugali nimefunika na sufuria."

Basi, yameisha hayo. Mmoja anaelekea shambani, mwingine kitandani, na kitanda chenyewe bado kina joto la aliyeondoka. Miaka tisa waliishi hivyo, katika nyumba ya kampuni, kwenye laini ya wachumaji nje kidogo ya Kericho, na majirani wakazoea hata wakaacha kutazama.

Kuacha kutazama, lakini si kuacha kusema! Watu wa laini wana midomo, wacha wee. Ati Bosire ana mwanamke kule kiwandani. Ati Mellen amemkalia mwanaume wa watu mpaka anaogopa kulala kwake. Ati mtu na akili zake, tena mwalimu wa dini, mtu wa heshima, ataombaje shifti ya usiku miaka yote wakati wenzake wanahonga kuku ili watolewe huko? Waliuliza wakacheka, na hakuna aliyekuja kumuuliza Mellen mwenyewe. Angeulizwa, labda angesema.

Mambo yalianza mwaka wa tisini, hospitalini, Nelvine alipozaliwa. Mellen alikuwa amepasuliwa kwa mtoto wa kwanza, akapasuliwa kwa wa pili, na sasa alikuwa amepasuliwa tena, akapoteza damu mpaka kucha zikawa nyeupe. Daktari alikuja akasimama kando ya kitanda, kijana bado, mwenye upole, akasema bila kuzungukazunguka.

"Mama, tumbo hili limefika mwisho. Ukishika mimba nyingine, kizazi kitapasuka kabla hatujakufikia. Sikuogopeshi. Ninakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Tukufunge uzazi hapa hapa kabla hujarudi nyumbani."

"Nifungeni," Mellen akasema. Hakufikiria hata mara mbili.

"Itabidi bwana yako aweke sahihi."

Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Tumbo ni la mke, kisu kinaingia kwa mke, lakini neno ni la mume. Bosire alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Hakumtazama mkewe. Alitoka nje, akakaa kwenye nyasi kwa muda mrefu, mpaka Mellen akamwona kupitia dirishani amepiga goti kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Siwezi, daktari," alisema. "Mimi ndiye ninayesimama mbele ya Wakristo pale kigangoni kwetu nikiwafundisha kwamba jambo hili halifai. Nitawekaje mkono wangu hapo?"

Daktari akamweleza tena, polepole. Bosire akasikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, akasema tena, "Siwezi."

Wala hakugeuka kumuuliza aliyelala kitandani. Hilo ndilo Mellen alilolishika. Nyuzi za tumboni zilikuwa zinamchoma, maziwa yameanza kuja, na wanaume wawili wanaongea juu yake vile watu wanavyoongea juu ya ng'ombe mnadani. Alitazama dari. Alimchukia mumewe siku hiyo, na sitaficha: alimchukia kabisa.

Sasa msije mkadhani Bosire Nyang'au alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuja kutoka Kisii akiwa kijana, akaingia kiwandani, akaoa kanisani, hakunywa, hakupiga. Kanisa lilipoleta mafunzo ya kupanga uzazi kwa njia ya asili, ile ya mke kujichunguza mwili, kujua siku zake za ukavu na siku zake za ute, na mume kumngoja siku zisizofaa zipite, Bosire na Mellen ndio waliochaguliwa kufundisha wengine. Na walifundisha vizuri. Wako watu waliofanikiwa nayo. Mama Atuti wa laini ya juu alipanga watoto wake kwa njia hiyo hiyo, kila mmoja akaja mwenzake akiwa ameshaanza kuchunga ndama, na mumewe Atuti alikuwa mtu wa kungoja, mpole, hana haraka na kitu chochote duniani.

Lakini Bosire alijua jambo lake mwenyewe. Nelvine hakuja kwa kukosea kusoma dalili. Dalili zilionekana wazi kabisa. Ilikuwa msimu wa mvua, majani yanafurika kiwandani, Bosire alikuwa hajapata mapumziko kwa wiki nyingi, na siku aliyopewa mapumziko haikuwa siku nzuri. Mellen alimwambia. Wakatazamana, wakacheka, wakajidanganya. Haya, matokeo yake ni mtoto mzuri mwenye macho makubwa, na mama aliyetoka hospitalini akishikiliwa huku na huku.

Mellen alipopata nguvu za kukaa jikoni, Bosire alimwambia, akiwa anakoroga uji wa watoto, "Nimeomba usiku."

"Usiku gani?"

"Shifti. Nimeshakubaliwa."

Mellen alielewa papo hapo. Hakuna njia ya dalili tena, hakuna sindano, hakuna kisu. Kuna mlango tu, na watu wawili wanaopishana. Hata siku za mapumziko Bosire alijitolea kumshikia zamu mwenzake, na asipopata wa kumshikia, alijinyoosha kwenye kochi karibu na wavulana na rozari mkononi.

Je, Mellen alikufa? Hakufa. Alimlea Nelvine, akarudi kuchuma majani, akanenepa kidogo. Kila mwezi alipoona damu alishukuru Mungu, kisha akakasirika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, damu yake bado ina moto. Alitamani mgongo wa mumewe ubavuni mwake baridi ya Kericho inapoingia chini ya mlango. Alitamani kuongea naye gizani juu ya mambo madogomadogo, karo, mbuzi, nani amesema nini, maneno ambayo mchana hayasemeki. Ameishika sheria yake, alijiambia, lakini anayeilipia ni mimi.

Na hapo ndipo palipotokea kosa, kosa la watu wa kanisa hasa. Miaka ilipita, Nelvine akaanza kutembea, akaanza kuongea, akaanza kuimba kwenye Misa ya watoto, na nyuma yake hakuja mwingine. Watu wakaanza kuwanyooshea kidole wazazi wake. "Mnaona Mwalimu na mkewe? Mnaona njia inavyofanya kazi?" Padri, Fadha Robert, mtu mwema tu, alilisema hilo hata katika mahubiri. Kwenye mafunzo Mellen aliwekwa benchi la mbele, kimya, mikono mapajani, awe mfano. Bosire alisimama ubaoni akieleza dalili kama alivyoeleza siku zote, wala hakusema uongo hata neno moja. Aliacha tu watu wajidanganye wenyewe.

Mellen alivumilia hilo, mpaka zamu ya Sally.

Sally alikuwa Mkipsigis, shamba lake limepakana na laini, chai kidogo, mahindi, ng'ombe wawili. Mwaka wa tisini na mbili, watu walipochomeana nyumba kwa sababu ya kabila na siasa, Sally ndiye aliyewachukua watoto wa Mellen akawaweka darini kwake, juu ya mahindi, akakaa mlangoni na panga akimwambia kila aliyepita kwamba mle ndani kuna panya tu. Mtu wa namna hiyo utamficha nini?

Basi mwaka wa tisini na tano, Jumapili moja baada ya Misa, mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kigango. Sista alikuja na picha zake kubwa za rangi, Bosire akasimama ubaoni na chaki, Mellen benchi la mbele. Wanawake walijaa mabenchi. Wanaume walikaa nje chini ya paa, wakiongea juu ya bei ya maziwa. Sally aliingia mwisho, tumbo mbele, mimba ya sita, miguu imevimba. Alikaa akasikiliza mpaka Sista akauliza kama kuna swali. Akasimama, akishikilia benchi.

"Mimi sina swali kwako, Sista. Nina swali kwa Mama Mokaya. Mimi nimefuata hii kitu vile mlifundisha. Kavu, nimejua. Ute, nimejua. Nikimwambia Kiptum ngoja, anasema yeye hakuoa ili angoje. Sasa niko na huyu wa sita na daktari ameniambia presha yangu ni ya kuniua. Nikizaa salama, nataka kwenda zahanati ya Sigowet nidungwe sindano ya kuzuia mimba. Lakini wananiambia nikidungwa sitapokea Ekaristi tena. Na wewe mwenzangu, uko hapo mbele, Nelvine anaenda shule. Niambie ukweli wa Mungu, dada yangu. Wewe unafanyaje?"

Bosire akashusha chaki. Mellen alimtazama mumewe, akaona anamwomba kwa macho. Anamwomba nini? Anyamaze, bila shaka. Aseme tu, tunafuata njia, tunamwomba Mungu. Lingekuwa jepesi sana kulisema. Na Sally angerudi nyumbani akijiona yeye ndiye mjinga, yeye ndiye hana imani.

Mellen alisimama.

"Sisi hatufuati hii," alisema. "Msinitazame mimi. Sisi tulifuata zamani, tukashindwa kungoja, nikakaribia kufa. Tangu Nelvine azaliwe, Mwalimu hajalala kitandani kwangu. Ndiyo maana yuko usiku. Hana mwanamke kiwandani, mnasikia? Hana! Ni mimi anayenikimbia, ili nisife. Njia yenyewe si mbaya, mwulizeni Mama Atuti. Lakini ni ya watu wawili, na nyinyi mmewaacha wale wengine huko nje wanaongea juu ya maziwa."

Akaketi. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaanza kulia, kwa sababu zake mwenyewe. Fadha Robert, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Njiani kurudi nyumbani Bosire alitembea mbele. Walipofika kwenye daraja la mbao, akageuka.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mama Mokaya."

"Wewe ulinivua hospitalini."

"Nilikuwa nakulinda!"

"Ninajua ulikuwa unanilinda. Nani alikwambia ninakataa kulindwa? Hukuniuliza, Baba Mokaya. Ulienda ukakaa kwenye nyasi ukamuuliza Mungu, mimi niko pale pale kitandani, na mdomo ninao."

Bosire akasema kwa sauti ndogo, "Ningekuuliza, ungesema nikubali."

"Ndiyo, ningesema ukubali."

"Na mimi ningekubali. Halafu ningesimamaje mbele ya watu?"

Mellen alimwonea huruma, akabaki na hasira yake. Jioni Bosire alivaa koti lake kuukuu, akaenda kazini kama kawaida.

Fadha alimwita. Wengi walidhani atamfukuza ualimu. Badala yake alimwambia arudi kufundisha, lakini afundishe wanaume, na awaambie yaliyompata, yote. Bosire alikonda kwa aibu mwezi ule. Lakini alirudi, akakaa nao chini ya paa wakiongea juu ya maziwa, na wengine wakamsikiliza, wengine wakamcheka. Kiptum alimcheka kuliko wote.

Sally alizaa, akaponea chupuchupu. Mtoto alipofikisha miezi mitatu, alienda Sigowet, akadungwa sindano, akarudi akamwambia Mellen peke yake. Kanisani alianza kukaa benchi la mwisho kabisa, na watu walipopanga mstari kwenda kukomunika, yeye alibaki, ameinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu sakafuni. Jumapili ya kwanza Mellen alimpita. Jumapili ya pili aliinuka kutoka benchi la mbele, akaenda akaketi naye nyuma, na wengine walipoondoka kwenda mbele, naye akabaki. Hakuwa na dhambi ya kumzuia. Alibaki tu, bega kwa bega. Bosire aliwaona kutoka altareni. Kesho yake asubuhi, mlangoni, chupa ya chai aliyomkabidhi Mellen haikuwa tupu. Alikuwa amemwachia kikombe kimoja, bado moto. Tangu siku hiyo akawa anamwachia kila siku.

Miaka ikaenda. Mokaya, mtoto wao wa kwanza, akamaliza shule, akaenda Nakuru kutafuta kazi. Nelvine akaota meno mapya. Nywele za Bosire zikawa na majivu, na kifua chake kikaanza kukohoa kwa vumbi la chai. Mwaka wa tisini na nane hedhi ya Mellen ikaanza kuruka miezi, na jasho likawa linamtoka baridi ikiwa kali. Ikaja mara moja, ikapotea. Mellen hakumwambia mtu. Alingoja. Mvua ndefu zikaja zikapita, mvua fupi zikaja zikapita, mvua ndefu zikarudi, na bado hakuona kitu. Akaenda zahanati, muuguzi akamuuliza maswali, akampima, akacheka kwa upole.

"Mama, kiwanda kimefungwa."

Mellen naye akacheka, halafu akalia pale pale kwenye kiti, muuguzi asijue afanye nini.

Kesho yake, alipotoka kupimisha majani yake, alikwenda moja kwa moja kiwandani, eproni na matope yake, akaomba kumwona Bwana Owino, msimamizi.

"Nataka mume wangu arudishwe shifti ya mchana."

Owino alimtazama kwa mshangao. "Mama, huyo mzee nimemshindwa. Mara mbili nimetaka kumpandisha cheo awe msimamizi wa mchana, na nyumba ya vyumba vitatu, na stima. Mara mbili amekataa. Nilidhani ni macho yake, labda mwanga unamuumiza. Nikamuuliza, akaniambia, usiku ndio unaomsaidia kulinda nyumba yake. Nikasema moyoni, huyu mzee amechanganyikiwa. Utalindaje nyumba na hauko?"

Mellen alishikilia meza. Nyumba ya vyumba vitatu! Miaka yote hiyo alihesabu kwamba anayelipa ni yeye peke yake, na mtu huyu alikuwa analipa upande wa pili, kimya, hata risiti hakuonyesha.

"Mrudishe," alisema. "Mwambie mkewe amesema."

"Leo usiku amalizie. Jumatatu aingie asubuhi."

Bosire alirudi Jumamosi ukungu ukiwa umelala, akakohoa mlangoni, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nelvine alikuwa ameshapelekwa kwa Sally kusaidia kukama. Mellen alisimama kizingitini. Hakutoa ufunguo.

"Umeamkaje, Mama Mokaya?" alisema Bosire, mkono bado uko hewani.

"Jumatatu unaingia mchana. Nimeongea na Owino."

Bosire akashtuka. "Nani amekwambia uongee na Owino? Wewe unajua vizuri kwa nini mimi niko—"

"Imekoma, Baba Mokaya."

"Nini imekoma?"

"Damu. Imekoma kabisa. Nimengoja mpaka nikahakikisha, sikutaka tujidanganye tena."

Bosire alibaki na mkono wake hewani. Kisha akaushusha polepole, akavua kofia, akaketi kwenye ngazi ya mlango kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali akaambiwa, wewe, umefika, tua. Mabega yalimtikisika. Mellen hakuwa amemwona analia tangu wawazike wazazi wao. Akaketi kando yake, kikapu bado kiko mgongoni.

"Miaka yangu hutanirudishia," alimwambia. "Na yako pia hairudi. Owino ameniambia habari za nyumba."

"Ningekwambia, ungelia."

"Ningelia, ndiyo. Si ni macho yangu?" Akajifuta. "Sasa niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali. La hospitalini. Hujaniuliza mpaka leo."

Bosire alimtazama. Alikuwa amezeeka, vumbi la chai liko kwenye nyusi. Alimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

"Mellen. Wewe unataka nini?"

"Nataka uingie ndani," alisema Mellen. "Na leo mlango nitaufunga mimi, na mimi nikiwa ndani."

Akainuka, akavua kikapu, akaitundika eproni kwenye msumari wake. Kule shambani, nyapara aliita jina lake mara mbili, na hakuna aliyeitikia.